Siku Karani Alipokataa Kodi

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1958, saa tatu na dakika tano asubuhi: noti ya franga ishirini ilikuwa bado mkononi mwa Léontine, muuza vikwembe vya kuvaa, na Papa Sebarenzi, mwenye siagi, alikuwa bado hajaipokea.

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, msomaji. Mama amenyoosha mkono, mzee amekunja wake, na bonge la siagi liko katikati yao juu ya jani la mgomba, limeanza kulainika kwa jua la soko la Mushaki, huko Kongo ya Wabelgiji.

"Papa, pokea," Léontine alisema. "Mukono inaniuma."

"Irudishe mu kikwembe yako, Mama."

"Iko ishirini! Juma iliyopita ulipokea kumi na tano na ukacheka."

"Juma iliyopita haikukuwa mugonjwa."

"Nani haikukuwa mugonjwa?"

"Franga."

Akina mama wa maharage waligeuza vichwa. Papa Sebarenzi wa Kirolirwe alikuwa na ng'ombe sitini, na mtu wa ng'ombe sitini akianza kusema habari za franga, hakuna anayeendelea kupima maharage mpaka amalize.

Mzee alichomoa sarafu moja mpya kutoka mfukoni, zile nyeupe, nyepesi kama kipande cha sufuria. Akaiangusha juu ya jiwe.

"Mumesikia? Hata kulia haiwezi. Ile ya zamani ilikuwa nzito, ikianguka hata kiziwi anageuka. Sasa angalieni kule."

Aliinua fimbo yake na kuielekeza barazani. Chini ya baraza, nyuma ya meza, alikaa Gustave, karani wa soko, shati jeupe, mikono imekunjwa kifuani. Kitabu chake cha tiketi za kodi kilikuwa kimefungwa kwa kamba.

"Leo iko Jumanne ya tatu anakataa kodi," Papa Sebarenzi alisema. "Mimi niko na miaka makumi sita na mbili. Baba yangu alikimbia kodi mupaka mu pori. Mimi mwenyewe nilificha franga mu shimo ya viazi, na bakaja, bakachimba, bakaipata. Sijaona hata siku moja serikali inakataa franga. Franga iko yake, ni yeye njo alitengeneza. Kama mwenye kuitengeneza haiitaki tena, mimi niitake juu ya nini?"

Léontine aliirudisha noti kwenye pindo la kikwembe alichovaa.  

Ukweli wa mambo ulikuwa hivi. Tangu mwaka uliotangulia bei ya madini ilikuwa imeanguka huko ng'ambo. Kule Walikale mgodi mmoja ulirudisha watu mia mbili nyumbani. Wale mia mbili waliacha kununua. Waliokuwa wakiwauzia wakaogopa, nao wakaacha kununua, na hofu ikafika Masisi kabla ya lori lolote. Si kwamba franga hazikuwepo. Zilikuwepo, ndani ya vyungu, chini ya vitanda na ndani ya mablanketi yaliyoshonwa upya. Ila hazikutoka.

Serikali ikafikiri, na ilifikiri vizuri. Kodi ya soko iondolewe mwezi mmoja. Muuzaji atashusha bei, mnunuzi atafungua mkono, biashara itaamka. Kwenye karatasi hapakuwa na kosa hata moja. Lakini hakuna aliyejiuliza watu wa Mushaki wataisoma namna gani mikono ya Gustave iliyokunjwa.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya hukumu. Saa kumi kamili, Bwana Administrateur, mkuu wa wilaya, angeshuka kutoka Masisi na barua mfukoni. Barua ilikuwa tayari, imekosa sahihi tu. Akilikuta soko tupu, angeitia sahihi. Soko la Mushaki lingefungwa na wauzaji wote kupelekwa Sake, mji wa chini bondeni.

Sake ni ya wenye maduka. Mjane mwenye meza moja hana mahali pale. Léontine alikuwa ameuza shamba lake la pareto na kununua vikwembe arobaini kule Goma, na vyote arobaini vilikuwa bado mezani. Soko likifungwa, nondo ndio wangevivaa.

Basi alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angefanya, na ndilo lililoharibu kila kitu.

Alikwenda barazani. Soko zima likamfuata kwa macho, kisha kwa miguu.

"Karani, jambo."

"Jambo, Mama Léontine. Kodi hakuna."

"Niko najua. Pokea tu." Akaweka sarafu mezani.

Gustave aliirudisha kwa kidole kimoja. "Siwezi. Angalia sirkilere, karatasi ya amri, imepigiliwa pale ku nguzo. Hakuna kupokea. Hata senti."

"Moja tu, Gustave. Bantu baone unapokea."

"Unataka nifungwe? Mwaka jana nikipokea munanitukana. Mwaka huu sipokei, munanitukana. Munataka nifanye nini, Mama? Nikufe?"

Nyuma yake Mama Élisabeth wa maharage alipiga kelele: "Mumesikia? Hata moja!"

Wakamjia wote. "Karani, chukua yangu!" "Chukua yangu, iko ya zamani, iko nzito!" "Karani, mimi nilikukwepa mwezi wa tano, pokea na ile ya mwezi wa tano!" Kwa mara ya kwanza tangu soko la Mushaki lianzishwe, karani wa kodi alizingirwa na watu waliotaka kumlipa. Alipanda juu ya kiti. Kisha juu ya meza. Mtu alitupa sarafu ikaangukia ndani ya kofia yake, na Gustave akaitoa na kuirusha mbali kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Kule kuirusha ndiko kulikomaliza maneno. Saa tatu u nusu mama wa kwanza alikunja mkeka wake.

Waliobaki walibadilishana vitu kwa vitu. Maharage kwa chumvi, chumvi kwa viazi. Mwindaji mmoja kutoka Walikale alitaka kumpa Léontine mguu mkavu wa nguruwe wa pori kwa kikwembe kimoja chenye maua mekundu. Léontine aliutazama ule mguu kwa tamaa kweli. Kisha akakumbuka kwamba duka la Goma halipokei nguruwe, akakataa.

Saa sita kasoro robo zilibaki meza kumi na moja.

Mama Mukandori, muuza kasiksi, alikuwa amekaa karibu na kibuyu chake kilichojaa pombe ya ndizi. Alitoka nacho bondeni alfajiri, mgongoni, mlima wote, na hakuna aliyekunywa.

"Kaa, dada," alimwambia Léontine. "Sura yako iko kama ya muntu alikula sabuni. Kunywa. Ya bure."

Aliingiza mrija, akavuta funda moja, akameza, akangoja kidogo. Kisha akapangusa ncha ya mrija kwa kiganja na kumpa Léontine.

Msomaji wa huko anajua alichofanya. Kutoka Sake mpaka ndani ya pori la Walikale, anayetoa pombe huinywa yeye kwanza, mgeni akiona. Wanaita kutosha sumu, yaani kuitoa sumu. Hufanywa na mke kwa mume, na mama kwa mwanawe, na hakuna anayekasirika wala anayefikiri.

Léontine alivuta. Lakini alipokuwa na pombe kinywani, alifikiri. Akameza upesi.

"Dada, kama ungenipa bila kuonja?"

"Ungekataa."

"Hata kama iko ya bure?"

"Ya bure?" Mama Mukandori alicheka mpaka kibuyu kikatikisika. "Ya bure njo ungekimbia mbio zaidi! Nakupa pombe bila franga, na mimi mwenyewe siigusi? Ungefika Kirolirwe bila kupumua!"

Léontine alisimama. Alitazama baraza, meza, na mikono ya Gustave iliyokunjwa.

"Dada," alisema polepole, "serikali ilitupa pombe ya bure. Na haikutosha sumu."

Saa sita na dakika ishirini alikuwa mbele ya karani tena.

"Mama, nakuomba," Gustave alisema. "Kodi..."

"Nani alisema kodi? Uza kitu kwa franga, bantu baone serikali inaionja. Sirkilere yako inakataza karani kuuza?"

Gustave alikwenda kwenye nguzo, akasoma kutoka juu mpaka chini, akageuza karatasi akatazama na nyuma. "Haikatazi," alikiri. "Kuko majembe ya serikali mu depo. Bei iko ku mulango."

"Leta majembe!"

Majembe matatu yaliletwa. Watu walisogea, na kwa dakika moja Léontine aliona vikwembe vyake vikiondoka mezani kimoja kimoja.

Papa Sebarenzi akakohoa.

"Majembe ya nani?"

"Ya serikali," Gustave alisema.

"Na franga itaingia wapi?"

"Mu sanduku ya serikali."

"Basi hapo hakuna aliyeonja. Anatosha hapa, anaweka hapa, mukono yake kwa mukono yake. Weye mwenyewe, Gustave, mutoto ya mama yako, ungepokea? Uuze kitu yako. Ile yenye unapenda."

Macho ya soko zima, bila mtu kutoa amri, yalikwenda ukutani. Pale iliegemea baiskeli ya Gustave.

Ilikuwa nyeusi, yenye kengele inayong'aa. Gustave aliinunua miaka miwili iliyopita, na inajulikana kwamba kulipokuwa na baridi kali aliifunika kwa blanketi lake yeye akalala bila.

"Hapana," Gustave alisema.

"Kumbe!" alisema Papa Sebarenzi, na akageuka kwenda zake.

Meza mbili zikaanza kufungwa papo hapo.

"Gustave," Léontine alisema kwa sauti ya chini, "soko ikifungwa leo, kesho karani wa soko iko karani wa nini?"

 Gustave alitazama baiskeli, akatazama meza tisa zilizobaki. Akakwenda kuichukua na kuisukuma mpaka katikati ya uwanja, na watu walimpisha kama wanavyopisha jeneza.

"Nauza," alisema. "Kwa franga. Mpya ao ya zamani, yote sawa."



Papa Sebarenzi alirudi. Aliizunguka baiskeli mara mbili. Kisha alikwenda kwenye mzigo wake, akafungua chombo cha mti cha maziwa, na badala ya maziwa akatoa bunda la noti. Harufu ya siagi ilifika mpaka kwa akina mama wa viazi.

"Yooo!" alisema Mama Élisabeth. "Kumbe njo kwenye zinalala!"

"Nilikuja nazo nizibadilishe na chumvi mbele hazijakufa," mzee alisema bila haya. "Hakuna aliyetaka. Gustave, shika zote. Usihesabu, iko karatasi tu. Lakini usiseme kesho sikukuambia."

Gustave alishika. Hakuhesabu, lakini karani wa miaka saba kazini hahitaji kuhesabu; mkono ulimwambia. Uso wake, uliokuwa wa msibani, ulibadilika kidogo pembeni mwa mdomo. Alitia bunda ndani ya mfuko wa shati akafunga kifungo. Kisha akafanya jambo ambalo Léontine hakumwomba. Akacheka.

Saa saba na dakika kumi alikuwa mbele ya meza ya vikwembe.

"Mama Léontine, nipatie mbili za muke yangu Godelieve. Ile ya maua na ile ya samaki. Hapana, tatu."

Léontine alipokea noti, akaiinua juu watu waione, akaenda nayo moja kwa moja kwa Mama Mukandori. "Dada, nilikunywa ya bure. Sasa nipime ya kulipa." Mama Mukandori aliipokea, akainusa, akaenda nayo kwa Mama Élisabeth kutafuta maharage. Mama Élisabeth aliitazama, akamtazama Gustave, ambaye alikuwa bado anacheka peke yake. Akapima maharage.

Upande wa pili wa uwanja, Papa Sebarenzi alikuwa akisukuma baiskeli. Hakujua kuipanda, na kwa umri wake hakukusudia kujifunza. Alipiga kengele mara moja. Ikampendeza. Akapiga tena. Alipogeuka ili aone kama watu wanasikiliza, aliona noti zake. Moja ilikuwa kwa muuza maharage. Moja kwa muuza chumvi. Moja ilikuwa mkononi mwa yule mwindaji wa Walikale, na mguu wa nguruwe wa pori ulikuwa tayari begani kwa Gustave.

Mzee alisimama. Hesabu ilipita usoni mwake polepole, kama ng'ombe wanaovuka daraja.

"Gustave! Rudisha!"

"Nirudishe nini, Papa?"

"Franga yangu!"

"Ile yenye kuwa mugonjwa?"

"Nilikulipa baiskeli mbili kwa baiskeli moja! Rudisha! Franga iko nzima! Munaniibia, iko nzima kabisa!"

Alilisema hilo saa saba na dakika arobaini, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Matangazo mengi ya serikali yalikuwa yamesomwa katika uwanja ule, kwa ngoma na bila ngoma. Hakuna lililowahi kuaminiwa kama hili.

Watu waliokuwa wameshaanza kupanda vijia vya kurudi makwao walisikia wakasimama. Mikeka ikafunguliwa. Mama mmoja alikaa chini palepale, akapasua pindo la blanketi lake kwa meno na kutoa noti iliyokunjwa mara nane. Saa nane Léontine alikuwa amebaki na vikwembe ishirini na sita. Saa tisa, kumi na viwili.

Saa tisa u nusu mzee alikuja mezani kwake. Baiskeli mkono wa kulia, jani la mgomba mkono wa kushoto.

"Siagi," alisema, akitazama upande mwingine. "Franga ishirini."

"Imeyeyuka, Papa. Kumi na tano."

"Mama! Asubuhi ulisema ishirini!"

"Asubuhi ulisema iko mugonjwa."

Alipokea kumi na tano. Na alicheka, kama juma lililotangulia.

Saa kumi kamili jipu ya Bwana Administrateur ilishuka kutoka upande wa Masisi, na haikuweza kuingia uwanjani. Hapakuwa na nafasi. Bwana alishuka akiwa ameshika barua mkononi, akamwita Gustave.

"Karani. Tiketi ngapi leo?"

"Hata moja, Bwana. Kodi imesimama."

Bwana Administrateur alikunja uso. Uhai wa soko hupimwa kwa tiketi. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema. "Basi nitajuaje kama soko hili liko hai?"

Kengele ya baiskeli ililia nyuma ya mgongo wake.

"Bwana, ondosha gari," alisema Papa Sebarenzi. "Unafunga njia ya bantu ya kununua."

Dereva alirudisha jipu nyuma. Bwana Administrateur alitembea uwanja mzima. Alirudi na kusimama mbele ya Léontine, ambaye meza yake ilikuwa na vikwembe vitano.

"Kwa hiyo kuondoa kodi kumefaa," alisema, kwa Kiswahili kizuri cha ofisini.

"Dawa iko muzuri, Bwana," Léontine alijibu. "Lakini ulituma bila kuionja. Gustave njo aliionja, leo saa saba. Angalia, hana tena baiskeli."

Bwana Administrateur alitaka kuuliza maana yake. Hakupata nafasi.

Honi ilipigwa kutoka chini, tena na tena, na lori la Barthélemy, dereva wa mbogamboga anayejulikana barabara yote, likapanda kutoka Sake likiwa na mzigo uleule ambao lilishuka nao asubuhi. Kabichi zote. Barthélemy aliruka kabla gari halijasimama sawasawa.

"Musipokee franga!" alipiga kelele. "Imekufa! Sake yote inakataa. Wenye maduka bamefunga milango. Banasema Mushaki serikali imekataa franga kwa mikono yake, muntu aliona karani anaitupa kama moto!"

Uwanja wote ulimgeukia Gustave. Gustave alitazama viatu vyake.

"Hiyo ilikuwa ya asubuhi," Mama Mukandori alisema kwa sauti iliyosikika mbali. "Weye unatuletea habari ya asubuhi, na siye tuko saa kumi!"

Walicheka, na hakuna hata mmoja aliyekunja mkeka. Lakini Bwana Administrateur hakucheka. Sake ilikuwa mara kumi ya Mushaki. Alimgeukia Léontine.

"Mama, ile dawa. Unaweza kuwaonjesha watu wa Sake?"

"Mimi siwezi, Bwana. Mimi si serikali." Léontine alikunja vikwembe vyake vitano na kuvitia chini ya kwapa. "Weye njo utaonja. Uko na kitu yenye unapenda?"

Jicho la Bwana lilikwenda lenyewe kwenye jipu. Alilirudisha upesi.

"Panda," alisema.

Mama Mukandori alikuwa ameshakileta kibuyu, nusu yake ikiwa bado imejaa. "Peleka na hii. Bantu ba Sake banapenda kuona mufano." Lakini kizibo cha majani kilikuwa kimepotea tangu mchana, na pombe ilimwagika juu ya kiti cha mbele.

Bwana Administrateur alitafuta kitu cha kuzibia. Mkononi alikuwa na karatasi moja tu, ile barua. Aliitazama upande wa sahihi, ambao ulikuwa bado mweupe. Akaikunja mara nne, akaisokota, na kuishindilia katika mdomo wa kibuyu.

Saa kumi na dakika arobaini jipu iliondoka Mushaki kuelekea Sake. Léontine alikaa mbele, na kibuyu kilikuwa katikati ya miguu yake.